Kukata ortofoto kwa gdal_retile: inafanya kazi, ila ina kiburi

Flashi nyingi za GB 16 na GB 32 zinatoka dukani zikiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haikubali faili moja lifikishe GB 4. Mwenye kubeba nyimbo na picha za harusi anaweza kuzeeka asilijue hilo. Mwenye kubeba ortofoto za droni, zile picha kubwa za angani zilizonyooshwa zikapimika kama ramani, analijua mapema. Mpima mmoja tunayefanya naye kazi alipanda ngazi za ofisi yetu hapa Ngamiani, Tanga, flashi mkononi, jasho linamchuruzika.

"Dada, faili lako linagoma."

"Linagoma vipi, kaka?"

"Linasema kubwa mno. Na humu nina nafasi GB ishirini na kitu, tupu!"

Faili lenyewe ni ortofoto ya Mwambani, kusini ya mji, kilomita 2 kwa 1.5, pikseli ya sentimita 5. Hesabu yake haina siri: pikseli 40,000 kwa 30,000, bendi nne (nyekundu, kijani, buluu na ile ya uwazi), baiti moja kila bendi. Hiyo ni GB 4.8 kabla ya kubanwa. Ningeweza kumfomatia flashi kwa exFAT, mfumo usio na mpaka huo wa GB 4, akaondoka nayo, lakini laptopu yake ina RAM ya GB 4 na kazi zake anazifanyia AutoCAD. Angefika nyumbani, angefungua, angekwenda kuswali, angerudi, na picha bado inajivuta. Huyu alihitaji picha iliyokatwa, na zaidi alihitaji ile sehemu yenye viwanja vyake tu.

Kazi hiyo naifanya kwa gdal_retile, na kwa kuwa wengi wananiuliza naitumiaje na kama inafaa, naandika hapa niliyoyaona, mazuri na ya kuudhi.

Ni programu ndogo ya Python inayokuja pamoja na GDAL, ile maktaba ya programu huria aliyoianzisha Frank Warmerdam mwaka 1998, ambayo leo imejificha ndani ya programu nyingi mno za ramani, QGIS ikiwemo. Hailipiwi. Haikuombi barua pepe wala kukupa siku za majaribio kisha ikakufungia. Leseni yake ni ya MIT, maana yake hata ukiitumia kwenye kazi ya kulipwa hakuna atakayekuja kukudai. Unaipa picha kubwa iliyofungwa kwenye koordineti, inakurudishia vipande, kila kipande na koordineti zake.

Hapo kwenye koordineti ndipo penye thamani yote. Kukata picha tu, programu yoyote ya kurekebishia picha inaweza. Lakini kipande kikitoka huko kinakuwa picha yatima: kina miti, kina mabati, kina barabara ya vumbi, ila hakijui kipo wapi duniani. Ukikiingiza kwenye QGIS kinakwenda kukaa sifuri sifuri, nje huko Ghuba ya Guinea, nawe uanze kukivuta kwa mkono na kukilinganisha na kona za nyumba. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa siku nzima na wakaita kazi.

Amri yangu ya kila siku ni hii:

gdal_retile.py -ps 4000 4000 -targetDir vipande -tileIndex fahirisi -co COMPRESS=DEFLATE -co TILED=YES -co TFW=YES mwambani.tif

Chaguo la -ps ndilo ukubwa wa kipande kwa pikseli. Usipoliandika, unapewa 256 kwa 256, na kwa picha kama hii ya Mwambani utajikuta na vipande zaidi ya elfu kumi na nane kwenye folda moja. Watu wengi mitandaoni wanaandika 4096 kwa mazoea ya kompyuta kupenda namba za aina hiyo. Mimi naandika 4000, kwa sababu pikseli 4000 za sentimita 5 ni mita 200 kamili. Kipande kinakuwa mita 200 kwa 200, yaani hekta 4, na hiyo ni namba ambayo mpima anaielewa akiwa amesimama juani bila kikokotoo. Ukiweka 4096 kipande kinakuwa mita 204.8, nani atakumbuka?

Kwa Mwambani inatoka safu 10 kwa mistari 8, jumla vipande 80. Mstari wa mwisho unakuwa nusu, pikseli 4000 kwa 2000, kwa sababu gdal_retile haijazi ukingo kwa weusi ili kufikisha ukubwa ulioutaka; inakata palipoishia picha. Kwa wapima hilo ni sawa. Kwa wale wanaofundisha kompyuta kutambua minazi au mashina ya mkonge, ambao modeli zao zinataka picha zote ziwe na vipimo vilevile, itabidi wavijaze wenyewe vipande vya pembeni. Haohao ndio wenye kufaidi chaguo la -overlap, linalofanya vipande vijirani vipishane kwa pikseli utakazosema, ili mnazi uliokatwa katikati na ukingo wa kipande kimoja uonekane mzima kwenye cha pili. Bila kuambiwa, mpishano ni sifuri.

Sasa tazama kipande kimoja kwa karibu. Faili linaitwa mwambani_03_05.tif: mstari wa tatu kutoka juu, safu ya tano kutoka kushoto. Pembeni yake kwenye folda kuna mwambani_03_05.tfw, lililoletwa na lile TFW=YES. Lifungue kwa Notepad na utakuta mistari sita tu ya namba. Wa kwanza 0.05, upana wa pikseli kwa mita. Wa pili na wa tatu sifuri, maana picha haijapindishwa. Wa nne -0.05, hasi kwa sababu tunashuka kuelekea kusini. Wa tano 513800.025 na wa sita 9434599.975, ambazo ni koordineti za katikati ya pikseli ya kwanza juu kushoto, katika UTM kanda ya 37 Kusini, mfumo wa koordineti za mita unaotumika huku kwetu. Picha kubwa inaanzia 513000 na 9435000. Ongeza safu nne za mita 200 kwenda mashariki, punguza mistari miwili ya mita 200 kwenda kusini, kisha nusu ya pikseli, na unafika palepale. Hakuna sentimita iliyopotea njiani, na pikseli zenyewe hazikuguswa wala kukadiriwa upya. DEFLATE inabana bila kuharibu, kwa hiyo bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, iliyoonekana kwenye picha mama inaonekana vilevile kwenye kipande.

Namba hizo zimekaa vizuri hivyo kwa sababu picha niliitengeneza ikae hivyo kabla ya kuikata. Ortofoto ikitoka kwenye programu ya kuunganishia picha za droni, kona yake huwa na desimali za ajabuajabu. Kwa hiyo kwanza naipitisha kwenye gdalwarp, programu nyingine ya GDAL, inayohamisha picha kwenda mfumo na gridi unayoitaka:

gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -te 513000 9433500 515000 9435000 -tr 0.05 0.05 -r bilinear -co BIGTIFF=YES -co TILED=YES ortofoto.tif mwambani.tif

Hapa ndipo pikseli zinapokadiriwa upya, mara moja tu, na kwa kujua. BIGTIFF=YES iandike kila faili linaponusa GB 4, kwa sababu TIFF ya kawaida nayo ina mpaka wake hapohapo, na hakuna kinachoudhi kama kazi kuvunjika ikiwa imekaribia mwisho. Baada ya hapo kila kipande kinaanza kwenye mita mia mbili iliyo kamili, na vipande vya mwaka huu vitalingana na vya mwakani pikseli kwa pikseli mkirusha droni tena eneo lilelile. Kwa anayefuatilia mikoko ya pwani au ufukwe unaoliwa na maji, huo ni mtaji.

Neno moja kuhusu hizo EPSG, yaani namba za kutambulisha mifumo ya koordineti. Ramani nyingi za zamani hapa kwetu ziko kwenye Arc 1960, ambayo kwa kanda yetu ya UTM ni EPSG:21037. GPS na droni zinaongea WGS 84, EPSG:32737. Namba za koordineti zinafanana kwa sura kiasi kwamba mtu hashtuki, lakini tofauti yake hapa Tanga ni kama mita 300 kaskazini na kusini, na karibu mita 100 mashariki na magharibi. Gdal_retile ina chaguo la -s_srs, na wengi wanadhani litawahamishia picha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Haliwahamishii kitu. Linabandika lebo tu. Ukibandika 21037 kwenye picha ya 32737, vipande vyako vyote 80 vitasema uongo kwa sauti moja, na nyumba ya mtu itahamia kwenye shamba la jirani. Kuhamisha ni kazi ya gdalwarp. Hili ningependa nyaraka za GDAL ziliandike kwa herufi kubwa, lakini nyaraka zenyewe ni Kiingereza kitupu na zimeandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua.

Na hapo naingia kwenye lawama.

Kwanza, hicho kiburi nilichokitaja kwenye kichwa. Folda ya -targetDir lazima uwe umeshaitengeneza. Usipoitengeneza, inakuambia folda haipo na inaacha kazi. Programu inayoweza kutengeneza vipande 80 vyenye koordineti hadi milimita inashindwaje kutengeneza folda moja? Nimewafundisha vijana wawili ofisini, na wote wawili wamekwama hapo kwanza.

Pili, majina. 03_05 ni mstari na safu, haikuambii chochote kuhusu ardhi. Mpima anayetafuta kiwanja chake hajui yuko mstari wa ngapi. Ndiyo maana siachi kuandika -tileIndex: inatoa shapefile (faili la ramani ya michoro) yenye miraba 80, kila mraba umebeba jina la kipande chake kwenye jedwali. Unaifungua kwenye QGIS juu ya viwanja, unawasha lebo, unaona mara moja kwamba kazi ya fulani imeangukia 03_05 na 03_06. Kuna pia -csv, inayoandika jedwali la jina la kila kipande na mipaka yake minne, na hilo hata mtu wa Excel analisoma. Kwa hiyo dawa ipo, ila ni lazima uijue. Wasioijua wanafungua vipande kimoja kimoja kama wanatafuta ufunguo kwenye mkoba wa bibi.

Tatu, inatumia prosesa moja. Laptopu yangu ina nane. Saba zinakaa zinatazama. Kwenye dirisha jeusi unaona 0...10...20..., nukta zikitambaa, na kwa picha kubwa una muda wa kushuka chini kunywa kahawa na kashata na kusikiliza ubishi wa Coastal Union mpaka mwisho. Si mbaya mno, lakini wenzake ndani ya GDAL walishajifunza kugawana kazi.

Nne, vipande vitupu. Droni hairuki kwa mraba. Ortofoto ya pwani ina kingo za kuchongoka, na upande wa bahari ndio usiseme, maana programu za kuunganisha picha zinashindwa kushika alama juu ya maji yanayotikisika. Gdal_retile haijali. Inakata mraba wote wa picha mama, pamoja na kona ambazo hazina kitu. Kati ya vile 80 vya Mwambani, kadhaa vilikuwa uwazi mtupu. Ninachofanya ni kupanga folda kwa ukubwa wa faili: vipande vitupu vinakuwa vidogo mno, kwa kuwa DEFLATE inabana utupu hadi karibu na hakuna, na wenzake wenye nyumba na miti wana MB nyingi. Unavifuta kwa mkupuo mmoja. Kufuta kipande hakuifuti miraba yake kwenye fahirisi, hiyo nayo ushughulikie.

Upande wa pili wa mizani kuna -resume. Hapa umeme ukikatika, na betri ya laptopu imechoka, hiyo ndiyo inayonifanya niendelee kuipenda programu hii. Unarudia amri ileile na kuongeza -resume, inaruka vipande vilivyokwisha kuandikwa na kuendelea na vilivyobaki. Sharti moja: kabla ya kuirudisha kazini kifute kipande cha mwisho kilichoandikwa, kwa sababu inaangalia kama faili lipo, haiangalii kama limekamilika. Kipande kilichokatikia katikati kitarukwa kama kizima, na utakuja kukigundua wakati mteja anapokupigia.

Kwa watumiaji wa Windows: usihangaike na dirisha la kawaida la amri, litakuambia haijui gdal_retile ni nini. Ukisakinisha QGIS, inakuja na kitu kinaitwa OSGeo4W Shell kwenye menyu ya Start. Fungua hicho, kila kitu kimeshaunganishwa. Kwenye Ubuntu ni sudo apt install gdal-bin python3-gdal na umemaliza. Na anayeogopa kuandika amri kabisa, ndani ya QGIS kwenye kisanduku cha Processing kuna Retile, ambayo ni gdal_retile hiihii iliyovalishwa fomu ya kujaza. Faida yake ni kwamba chini ya fomu inakuonyesha amri itakayotumika, nawe unaweza kuinakili na kuanza kuizoea.

Kuhusu kutuma: bando letu tunalijua. Kipande kimoja cha pikseli 4000 kwa 4000 chenye bendi nne ni MB 64 bila kubanwa. Kwa kumbukumbu za ofisi nabaki na DEFLATE. Kwa kumtumia mtu wa site natengeneza toleo la pili la JPEG, dogo kwa mbali. Ila JPEG na bendi ya nne hawapatani: uwazi wa ukingo unaharibika na kutoka na madoadoa. Kwa hiyo kwanza gdal_translate -b 1 -b 2 -b 3 kuitoa hiyo bendi, kisha kwenye gdal_retile unaweka -co COMPRESS=JPEG -co PHOTOMETRIC=YCBCR -co JPEG_QUALITY=85. Ukiacha bila kusema, ubora ni 75, na kwenye 75 pembe za mabati zinaanza kufanya ukungu. Na WhatsApp tuma kama hati pamoja na lile faili la tfw. Ukipiga picha ya skrini na kuituma, umemtumia mapambo.

Yule kaka wa flashi aliondoka na vipande sita na fahirisi. Akanipigia jioni kuuliza kama naweza kumwekea na kwenye simu ya mwenyekiti wa mtaa, ili mzee aone nyumba zake na aseme nani ni jirani wa nani. Hilo ni ombi jingine kabisa, na ndipo watu wengi wanapoilaumu gdal_retile bure. Vipande vya GeoTIFF, yaani hizi TIFF zenye koordineti, vya hekta nne ni vya kompyuta na vya wataalamu. Simu na kurasa za wavuti zinataka vigae: picha ndogo za 256 kwa 256, zimepangwa kwa ngazi za ukuzaji, kila ngazi ikiwa na vigae mara nne ya ile ya chini yake. Kazi hiyo ni ya gdal2tiles, ndugu yake wa tumbo moja lakini mwenye tabia nyingine.

Gdal2tiles inaihamisha picha kwenda projeksheni ya Mercator inayotumiwa na ramani za wavuti, kisha inakupa folda ndani ya folda: ngazi, safu, kigae. Inagawana kazi kwenye prosesa ukiiambia --processes=8. Lakini iangalie kwenye ngazi. Kwa picha ya sentimita 5, ngazi ya 21 ina pikseli ya kama sentimita 7.5, na eneo la kilomita tatu za mraba linatoa vigae kama 8,300. Ukipanda ngazi ya 22, pikseli ni sentimita 3.7, ndogo kuliko ile uliyopiga, yaani unakuza tu bila kupata undani mpya, na vigae vinafika kama 33,000. Kunakili vifaili 33,000 kwenda kwenye simu kwa waya ni adhabu. Mimi naishia 21.

Na usiache --xyz. Kwa kawaida yake gdal2tiles inahesabu vigae kutoka kusini kwenda kaskazini, wakati ramani nyingi za wavuti zinahesabu kutoka kaskazini. Ukichanganya, kila kigae kinarukia upande wa pili wa ikweta kwa umbali uleule. Mwambani, iliyoko nyuzi 5.1 kusini, inaibukia nyuzi 5.1 kaskazini, kusini mwa Ethiopia, juu ya Moyale. Mteja anafungua kiungo, anaona Tanga bila picha, anasema umemdanganya. Picha ipo, ila iko Ethiopia na vigae vyake vimepangwa juu chini. Jambo jingine: inataka picha ya biti 8. Modeli ya mwinuko, ambayo namba zake ni za desimali, gdal_retile inaikata bila maneno, lakini gdal2tiles itakurudisha ukaibadilishe kwanza.

Kwa simu ya mwenyekiti hata hivyo sikutumia folda ya vigae. Nilitengeneza MBTiles, ambayo ni vigae vyote ndani ya faili moja, kwa gdal_translate -of MBTILES -co TILE_FORMAT=JPEG, halafu gdaladdo -r average na namba 2 4 8 16 32 ili ifunguke haraka ukiitazama kwa mbali. Faili moja, linaingia kwenye QField, programu ya ramani ya simu, halihitaji bando wala mtandao. Tulimkuta mzee barazani kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Haya, nioneshe hiyo Mwambani yako ya angani."

Akakuza kwa vidole viwili hadi akaona mwembe ulioko nyuma ya nyumba yake, akamwita mjukuu aje aone, na kazi ya mipaka ikaanza kwa kicheko. Kipande cha GeoTIFF kisingefanya hivyo kwenye simu ile, kingekaa kinajizungusha.

Toleo la GDAL 3.11 lililotoka mwaka 2025 limeanza kukusanya amri hizi zote chini ya amri moja kuu iitwayo gdal, na ndani yake kuna gdal raster tile, ambayo inafanya kazi ya gdal2tiles. Jina linaweza kukupoteza: hiyo ni ya vigae vya wavuti, siyo mbadala wa gdal_retile kwa vipande vya upimaji. Amri za zamani bado zinafanya kazi vilevile, na kwa kuwa maelekezo mengi utakayoyakuta yameandikwa kwa hizo, sioni sababu ya kukimbilia mpya kama ofisi yako ina toleo la nyuma kidogo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya prosesa moja na ile folda.

Kuna wasioihitaji. Kama unataka eneo moja tu, tuseme shule na uwanja wake, usikate vipande 80 ili uchukue viwili: gdal_translate -projwin, ikifuatiwa na koordineti za kona ya juu kushoto na ya chini kulia, inakutolea kipande hicho kimoja na haigusi pikseli. Na kama faili lako ni la MB mia kadhaa na wanaolitumia wote wana QGIS, liache zima. Lijengee piramidi, yaani nakala ndogondogo za kutazamia kwa mbali, kwa gdaladdo tu, litafunguka haraka, na utabaki na faili moja la kulinda badala ya vipande na fahirisi ambavyo kesho kutwa mtu atavinakili nusu.